Mgao wa Kuchakaa: Uhakiki wa Mawe ya Gede, Mnarani na Malindi

Ukisoma yaliyoandikwa kuhusu magofu ya pwani ya Kilifi, utakuta maswali mawili yamejibiwa tena na tena: nani alijenga, na mji ulihamwa lini. Swali la tatu huachiwa wahandisi na maabara zao: jengo hili liliundwa lichakae vipi? Uhakiki huu unalichukua swali hilo kuwa swali la fani. Jiwe la ujenzi husuguliwa na nyayo, mikono, kamba, ndoo na mchanga unaopeperushwa na upepo. Fundi hana uwezo wa kuuzuia msuguo huo. Anachoweza ni kuamua uangukie wapi na upande gani wa jengo uulipe. Hoja yangu ni kwamba katika majengo ya kale kati ya Kilifi na Mambrui, uamuzi huo umechangia kwa kiasi kikubwa umbo tunalolisifu leo kwa uzuri wake. Majengo mengi mapya ya ukanda huohuo yameiga sura ya umbo hilo na kuuacha uamuzi ulio nyuma yake.

Tuanze na malighafi, maana fani yote inaitegemea. Mawe yako mawili, na mafundi wa kale hawakuyachanganya. La kwanza ni la nchi kavu: mwamba wa matumbawe ya kale, yaliyokuwa hai zaidi ya miaka 100,000 iliyopita bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Ndio mwamba unaokanyagwa ufuoni kutoka Kilifi hadi Malindi, wenye makombe ndani yake, vitundu visivyo na mpangilio na ncha zinazokata viatu. Huchimbwa matimboni. La pili hutoka baharini: tumbawe la chembe laini lililokatwa likiwa hai maji yakipwa, likachongwa kwa tezo na tindo lingali bichi, kisha likaachwa likauke na kuwa gumu. La kwanza hukataa mstari ulionyooka. La pili hupokea herufi.

Kwa mtazamo wa mkemia, yote mawili ni kitu kimoja, kalisiamu kaboneti. Kwenye kipimo cha ugumu alichokitunga Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho huanzia 1 kwa talki na kuishia 10 kwa almasi, madini hayo husimama kati ya 3 na 4. Ukucha wa mtu ni kama 2.5, kisu cha chuma huzidi 5. Maana yake ni kwamba kisu cha jikoni kinaweza kuandika jina la mtu juu ya ukuta wowote wa Gede, na wageni wasio na adabu wamethibitisha hivyo katika magofu mengi ya pwani.

Hata hivyo nambari hiyo haitoshi kumwambia mtu jiwe litadumu miaka mingapi chini ya miguu. Jiwe huisha kwa njia mbili. Ya kwanza ni madini yenyewe kukwaruzwa na kitu kigumu zaidi. Ya pili ni chembe kung'oka kwa sababu kilichozishikanisha kimelegea. Mwamba wa matimboni, pamoja na udhaifu wa madini yake, una vipande vya makombe vilivyoshikana sana, na vitundu vyake huupokea udongo wa chokaa ukauma ndani. Tumbawe la baharini lina uso sawasawa unaovutia jicho, lakini limejaa vijitundu vidogo, na kingo zake ndizo huanza kumeguka. Kila jiwe lina mahali pake pa kushindwa. Ufundi ni kupajua mapema.

Gede, kilomita kama 16 kusini mwa Malindi, ndipo pazuri pa kuisoma fani hii kutoka chini kwenda juu. Mji huo, ambao James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948 na ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, una kasri, misikiti, makaburi na nyumba zilizopewa majina kwa vitu vilivyofukuliwa ndani yake: nyumba ya kauri, nyumba ya mkasi, nyumba ya bakuli la kaure. Ingia katika chumba chochote cha kasri uanze na sakafu.

Sakafu ni ya lipu ya chokaa iliyotandazwa na kulainishwa juu ya kifusi. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe katika tanuu la magogo, kuyazima kwa maji, kisha kuyachanganya na mchanga. Kwa hiyo mafundi walichukua jiwe, wakalichoma mpaka likawa unga, wakalirudisha likiwa laini kuliko lilivyokuwa, na wakaliweka mahali panapokanyagwa zaidi ya pote. Kwa mhandisi wa leo huu ni upuuzi: laini zaidi chini ya mzigo mkubwa zaidi. Lakini sakafu hii haikutakiwa kushinda. Ilitakiwa kuisha, na iishe peke yake. Ni kama soli ya kandambili, inayoliwa ili unyayo usiliwe. Ikichakaa mlangoni au kando ya baraza, fundi alikuja na mwiko na chokaa mpya akapaziba, na jiwe la chini halikujua kwamba kuna watu waliopita.

Panda sasa kwenye ukuta. Umejengwa kwa mwamba wa matimboni, vipande vya kila umbo vikilala ndani ya udongo wa chokaa, na juu yake lipu tena. Hapa lipu ina kazi ya pili. Inazima ncha za mwamba ambazo zingechana bega la mpita njia na nguo yake, na papo hapo inampa mwenye nyumba uso anaoweza kuupaka chokaa kila atakapo. Ukuta wa Gede ulipokuwa hai ulikuwa mweupe na laini. Mwamba mtupu wa kijivu tunaoupiga picha leo ni mifupa, na anayeusifu kwa ukwaru wake anasifu kitu ambacho mwenye nyumba angekionea haya.

Mlangoni fani inabadilika. Miimo na tao vimekatwa kwa jiwe la chembe laini, kingo zikiwa zimenyooka, na tao lenye ncha limerudishwa ndani ya fremu ya mraba. Mlango ndipo mtungi hugonga na kitanda hukwama wakati wa kuhama, kwa hiyo kuweka kingo kali hapo ni kujitia hatarini. Ndiyo maana kule kurudisha nyuma nakiona kama ulinzi kwanza na mapambo baadaye. Ukingo wa nje wa fremu unapokea pigo, ukingo wa ndani wenye tao unabaki mzima, na jicho linapata vivuli viwili pale ambapo lingepata kimoja. Mapambo yaliyo dhaifu zaidi yamepandishwa juu ya kimo cha mtu. Mkuki uliochongwa msikitini Gede uko kwenye pembe ya juu ya tao la mlango, mahali ambapo bega haliufikii.

Ushahidi kwamba mafundi hao waliujua msuguo kwa undani uko kando ya mabirika ya kutawadhia. Katika misikiti ya kale ya pwani hupatikana mawe ya matumbawe yenye uso wa kukwaruza, yaliyopachikwa chini ili mtu asugulie nyayo kabla ya kuingia kusali. Kazi imegeuzwa: badala ya mguu kulila jiwe, jiwe linaula mguu, yaani linaondoa mchanga na vumbi ulilokuja nalo kutoka njiani. Matokeo yake yanaonekana hatua chache mbele, ndani ya msikiti, ambako sakafu laini ya chokaa inapokea miguu isiyo na mchanga. Jiwe moja dogo lenye ukwaru linailinda sakafu nzima. Sijui mfano mwingine wa ukanda huu ambapo ibada, usafi na uhifadhi wa jengo vimefungwa katika kitu kimoja kwa uchache wa maneno kiasi hicho.

Kuna pia kaburi ambalo watafiti wameliita kaburi lenye tarehe, kwa kuwa lina mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Tarehe hiyo, ambayo ni nguzo ya historia yote ya mji, ilichorwa kwenye lipu. Jambo lililo muhimu kuliko yote liliwekwa juu ya ngozi iliyo laini kuliko yote, na limefika kwetu kwa sababu kaburi halina njia ya kupitia: hakuna anayelikanyaga, hakuna anayeliegemea kwa mazoea. Uimara wa tarehe ile umetokana na mahali pake zaidi kuliko kitu ilichoandikiwa.

Mnarani, upande wa kusini wa mkono wa bahari wa Kilifi, mgao huohuo unaonekana kwa sauti ya juu. Mihrabu ya msikiti mkuu wa karne ya 15 imejaa herufi za Kiarabu zilizochongwa na kusukwa. Tazama mahali pake. Mihrabu ni sehemu isiyopitwa na mtu. Imamu husimama mbele yake na waumini huielekea bila kuigusa. Jiwe laini kuliko mengine yote limewekwa pale ambapo jengo lina msongamano mkubwa wa macho na msongamano mdogo wa miili. Hapo maudhui na fani vinakutana: pahali patakatifu zaidi ndipo pahali salama zaidi kwa jiwe.

Tazama pia jinsi herufi zilivyokatwa. Zimeinuliwa, na ardhi ya nyuma yake imechimbwa chini. Mchoraji wa herufi za kuzama huiacha ardhi ikiwa juu, na ardhi ikilika, kina cha herufi hupungua mpaka zinafutika. Herufi iliyoinuliwa hupoteza kwanza uso wake, huku pembeni mwake kivuli kikibaki. Inaweza kupoteza milimita kadhaa na bado ikasomeka kwa mwangaza wa ubavuni wakati wa asubuhi. Sidai kwamba mchongaji wa Mnarani alipiga hesabu hiyo. Mtindo wa herufi za kuinua umeenea katika ulimwengu wote wa Kiislamu. Ninachosema ni kwamba mtindo huo, ukihamishiwa kwenye tumbawe, ulipata sababu ya ziada ya kuwa mzuri.

Udhaifu wa mihrabu hiyo uko kwingine. Fani yake yote inategemea paa. Boriti za mikoko zilipooza na paa likaanguka, mvua ilianza kunyesha juu ya jiwe lililochongwa kwa ajili ya kivuli. Maji ya mvua yana asidi hafifu na huyeyusha kalisiamu kaboneti kidogo kidogo. Chumvi ya upepo wa bahari huingia katika vijitundu, hukauka, hujikusanya kuwa fuwele na kuzisukuma chembe kutoka ndani. Chembe zikishalegea, kidole cha mgeni kinachopita juu ya herufi kwa kustaajabu tu kinatosha kuziondoa. Kuchakaa huku huja kwa zamu: chumvi hufungua na mkono humalizia. Mchongaji alikuwa amefikiria miguu na mabega. Hakufikiria, na pengine hakuweza kufikiria, msikiti usio na watu wa kuuezeka.

Nguzo za makaburi zinaleta tatizo la namna nyingine, kwa kuwa zinasimama nje tangu siku ya kwanza. Malindi ziko kando ya msikiti wa Ijumaa karibu na ufuo. Nguzo ya Mnarani ina pande nane, na Gede iko iliyochongwa mifereji kutoka chini hadi juu. Kati ya maumbo haya mawili, la pande nane ndilo lenye busara zaidi kwa jiwe hili. Kona ya mraba ina nyuzi 90 na humeguka kwa urahisi. Kona ya pande nane ina nyuzi 135, ni butu, na inabeba jiwe zaidi nyuma yake. Mifereji hufanya kinyume: huzidisha kingo nyembamba ili kupata mistari ya kivuli. Nguzo ya mifereji inapendeza zaidi na inagharimu zaidi, na gharama hiyo hulipwa kwa lipu mpya kila kizazi. Juu ya nguzo nyingi za pwani, kama ya Mambrui, zilipachikwa bakuli za kaure kutoka China. Rangi ya kioo ya bakuli ni ngumu kuliko tumbawe, na mchanga wa upepo hauiwezi kwa urahisi. Ila bakuli hushikiliwa na chokaa, na mahali pengi kilichobaki ni shimo la duara ambalo mwizi au wakati umelifungua.

Mita mia kadhaa kusini mwa mji wa zamani, kwenye rasi, umesimama mpinzani wa fani hii yote: msalaba wa Vasco da Gama, aliyefika Malindi Aprili 1498. Wareno hawakuliamini jiwe la hapa. Waliuweka msalaba wenye nembo ya mfalme wao, wa jiwe la chokaa kutoka Lisbon. Jiwe hilo nalo ni kalisiamu kaboneti, ugumu uleule wa 3. Tofauti ni kwamba limeshikana, halina vitundu, hivyo chembe haing'oki kirahisi. Kwa upande wa malighafi ni jiwe bora. Kwa upande wa fani ni jiwe la peke yake: halina ngozi ya kubadilishwa wala jirani wa kumgawia mzigo, na limesimama mahali pa wazi kabisa mbele ya upepo na chumvi. Baadaye ilibidi lizungukwe na mnara mweupe wenye umbo la pia, uliojengwa kwa mawe na chokaa, na mnara huo ndio watu wanaoupiga picha. Jiwe la kigeni lililokuja kutangaza umilele linashikiliwa na ujenzi unaopakwa upya kila baada ya muda. Kama kuna kejeli katika ufuo huu, ni hiyo, na haihitaji kuongezewa chumvi.

Kufikia hapa msomaji makini ataleta pingamizi: huenda mafundi hawakuwa na jiwe jingine, na huu unaouita mgao ni bahati tu. Jibu liko katika gharama. Mwamba wa matimboni ulikuwa umejaa chini ya miguu yao. Wangeweza kujenga kila kitu kwa huo. Badala yake walisubiri maji kupwa, wakaingia baharini kukata tumbawe bichi, na wakalitumia kwa sehemu chache zilezile katika mji mmoja baada ya mwingine: miimo, matao, vidaka, mihrabu. Wakachoma kuni nyingi kupata chokaa ya sakafu ambayo wangeweza kuiacha iwe ya udongo. Mtu hagharamiki hivyo kwa bahati.

Sasa tulete maabara, kwa kuwa nayo ina fani yake. Kipimo kimoja kinachotumika kwa mawe ya sakafu ni cha Böhme. Sampuli ya jiwe hubanwa juu ya sahani ya chuma inayozunguka, hunyunyiziwa gramu 20 za unga mkali wa korundi, husuguliwa mizunguko 22, huondolewa, husafishwa, hugeuzwa, na kurudiwa hivyo mara 16. Kisha hupimwa kiasi kilichopotea. Ni kipimo kizuri cha kulinganisha jiwe na jiwe. Kasoro yake kwa pwani hii ni kwamba unga ni mmoja, na pwani hii ina mchanga wa aina mbili.

Mchanga mweupe wa Watamu umetokana zaidi na matumbawe na makombe yaliyosagika. Ugumu wake ni uleule wa jiwe la ukutani, hivyo ukiingia ndani kwenye ndala za watu unasugua polepole. Malindi ni hadithi nyingine. Mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Galana na juu zaidi Athi, huteremsha udongo na mchanga kutoka bara na kuumwaga kaskazini mwa mji. Ndiyo maana ufuo wa Malindi ni wa kahawia na Mambrui kuna vilima vya mchanga. Mchanga wa mto huo una kwatsi nyingi, na kwatsi iko kwenye namba 7 ya Mohs. Kila chembe yake chini ya soli ni patasi ndogo juu ya jiwe lenye ugumu wa 3. Mawe mawili kutoka timbo moja, moja likawekwa barazani Watamu na jingine Malindi, hayatazeeka pamoja. Pale Malindi, lile jiwe la kusugulia nyayo kando ya birika lina kazi kubwa kuliko popote.

Kwa kigezo hiki tuyahukumu majengo mapya. Sakafu za mawe bapa ya Galana, yanayotoka katika miamba ya mchanga ya bara, naziona zimefaulu. Zina kwatsi ndani yake, hivyo zinakutana na mchanga wa Sabaki nguvu kwa nguvu. Mawe ya Mazeras nayo ni ya ukoo huo. Kinachoshindwa kwanza ni kiungo cha saruji kati ya jiwe na jiwe, na ukingo wa bamba lililopasuka kwa tabaka. Hayo hurekebishika.

Kuta ndizo zilizokosea. Mtindo umeenea katika nyumba za kifahari na hoteli kutoka Kilifi hadi Mambrui wa kukata tumbawe kwa msumeno wa mashine, kulipanga kwa mistari iliyonyooka na kuliacha tupu, bila lipu, kuanzia ardhini. Unaitwa wa Kiswahili. Kwa fani ni kinyume cha Uswahili: jiwe la vitundu limewekwa mahali pa mabega na masanduku, na kwenye futi ya chini ambapo mvua ya masika hurusha mchanga ukutani. Msumeno umekata makombe katikati na kuvifungua vitundu vyote. Hakuna ngozi ya kubadilisha. Ukuta ukilika, kinacholika ni ukuta wenyewe.

Kosa la pili ni la warekebishaji wanaoziba viungo vya zamani kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipumui. Unyevu uliokuwa ukitokea kwenye kiungo cha chokaa sasa hutokea kwenye jiwe, na chumvi yake hujikusanya humo. Baada ya miaka jiwe hurudi ndani na viungo hubaki vimetokeza kama mbavu. Mgao umepinduliwa: kinachopaswa kutolewa kafara kimelindwa, na kilichopaswa kulindwa kimetolewa.

Kurudi kwenye fani ya kale kikamilifu hakuwezekani. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, na tumbawe hai halikatwi tena, wala halipaswi kukatwa. Anayetaka miimo laini atachonga kwenye lipu nene au atatafuta katika timbo tabaka lililoshikana. Lakini kanuni yenyewe haihitaji bahari. Inahitaji mwenye nyumba akubali tangu mwanzo kwamba kuna sehemu zitakazoisha, azitenge, na atenge pia fedha na fundi wa kuzirudia. Gede ilikuwa na kanuni hiyo na bado ikaanguka, kwa kuwa katika karne ya 17 hapakubaki watu wa kushika mwiko. Hilo linatuambia kikomo cha fani hii: ni umbo la mji wenye wakazi, na halina dawa ya kuhamwa. Kwa hiyo anayejenga Kilifi leo na kumuuliza fundi ni jiwe gani gumu zaidi, ameuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni uso upi utapigwa lipu upya, baada ya miaka mingapi, na kwa mkono wa nani. Ramani isiyojibu hayo, hata ikiwa na matao na vidaka kila chumba, imenakili mapambo tu.